Taazia ya Mundi kwenye Rafu ya Mapenzi ya Siri

Mtu akifa hapa Kaldeyri, kijiji chetu cha wavuvi huku kaskazini kwenye barafu, watu wawili hupigiwa simu kabla hajapoa: mchungaji na Steina. Mchungaji anazika, Steina anaandika. Wachungaji wameshabadilishwa mara nne tangu nianze kazi kiwandani. Steina ni yule yule.

Jina lake la kanisani ni Steinvör Ketilsdóttir, lakini ukimwita hivyo hageuki. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mpana, mikono imekuwa myekundu kwa maji baridi. Mdomo hana. Simtukani, ndivyo alivyo. Kuna watu Mungu kawapa ulimi na kuna aliowapa kalamu. Pale kwenye mkanda wa kiwandani unaotembea, tunapotoa miba kwenye minofu ya samaki, Steina anaweza kumaliza zamu nzima kwa "mh" na "nipishe" tu. Mpe karatasi, atakuliza mpaka pua ikauke.

Mumewe alikwenda Denmark kuchagua injini ya boti, mpaka leo bado anachagua. Mwanawe yuko Norwe, anapiga simu Krismasi. Nyumba yake ya kijani iko nyuma ya kanisa, ngazi za mbele kwa wageni na za nyuma kwa watu. Hao watu ndio kazi yake. Anakuja jitu lenye mabega kama kabati, limefiwa na mama, linakaa jikoni linageuza kofia. "Nakumbuka alikuwa na mbwa," linasema, basi, mengine hayatoki. Steina anamimina kahawa, anasubiri. Keshokutwa taazia iko tayari, na ukiisoma unaapa kwamba ni lile jitu lenyewe linaongea. Malipo ni gunia la viazi, au paja la kondoo lililokaushwa kwa moshi, au hakuna.

Taazia zetu haziandikwi juu ya marehemu. Zinaandikwa kwake. Unamwambia wewe, umeondoka mapema, umeniachia deni la kucheka, na kadhalika. Kila aliyemjua anaandika yake, gazeti linazichapa siku ya mazishi, na jioni kwenye kahawa ya matanga watu wanahesabu kimoyomoyo nani kaandikiwa ngapi. Marehemu wa taazia tatu anahurumiwa kuliko alivyohurumiwa alipokuwa anaumwa.

Ila gazeti lina kipimo, na Steina hana. Walikuwa wanamkatia. Ndipo miaka kadhaa iliyopita akajiandikisha kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wa nje, mahali ambapo yeyote anaweza kuweka andiko lake bure na dunia ikasoma. Akawa anaweka taazia nzima humo, bila mkato, kwa ajili ya ndugu wa marehemu walioko mbali. Waliosoma walikuwa hao ndugu, na mzee mmoja wa Winnipeg ambaye alisoma zote, hata za watu asiowajua. Rafu, yaani fungu la kuwekea andiko, alichagua mwenyewe: Familia na Kumbukumbu. Hakuna aliyegombana na mtu.

Januari hii akafa Mundi.

Mundi alikuwa mwendesha winchi gatini, mume wa Begga. Moyo ulimsimama palepale, kamba mkononi, na boti ikabaki inamsubiri. Na Begga ndiye jirani wa Steina kwenye mkanda, bega kwa bega tangu wote wawili wana viuno. Begga anaongea, Steina anasema mh. Urafiki wao ulikuwa huo, na nimeona ndoa zilizojengwa kwa kidogo zaidi.

Kwa hiyo Steina alimwandikia Mundi kama alivyokuwa hajapata kumwandikia mtu. Nanukuu kipande, kwa sababu hapo ndipo balaa lilipotoka:

"Mundi wangu mpenzi. Leo ni Alhamisi na nimewasha jiko kwa mazoea. Nimesikiliza ngazi za nyuma, zile hatua nzito za mtu anayedhani ananyata. Siri yetu ya Alhamisi umekwenda nayo nusu, nusu nimebaki nayo mimi. Unakumbuka usiku ule kule juu mlimani, theluji imefunika madirisha, blanketi moja, nawe unaimba mpaka alfajiri ili nisilale nikafa?"

Tuliisoma gazetini, tukaisikia ukumbini, tukalia, tukala keki. Begga mwenyewe aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa friji. Huo usiku wa mlimani kijiji kizima kinaujua: tulikuwa tunatoka kwenye karamu ya katikati ya baridi huko fiodi ya pili, ule mkono wa bahari ng'ambo ya mlima, basi likakwama kwenye theluji na watu ishirini na zaidi ndani, na lile blanketi lilikuwa langu na halijarudi. Begga hakuwamo kwa sababu alikuwa kitandani na mafua. Siri ya Alhamisi hakuna aliyeiuliza. Kila taazia ina siri yake ndani, kama zabibu kwenye keki.

Sasa, lile jukwaa lilikuwa limebadili utaratibu. Zamani mwandishi alichagua rafu. Siku hizi inachagua mashine. Wenye shule wana jina refu la kuiita, lakini sisi wa kiwandani tunaijua vizuri, tunaye dada yake mwisho wa mkanda. Mnofu ukipita pale unapimwa kufumba na kufumbua, mkono wa chuma unausukuma kwenye sanduku lake, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu wa Uhispania. Mashine haimjui samaki wala bahari. Inajua uzito. Mwaka fulani glovu la Begga lilianguka kwenye mkanda, limejaa maji, likapimwa, likasukumwa, likasafiri mpaka Uhispania kama mnofu wa daraja la kwanza. Walituandikia kutoka huko.

Hiyo ya jukwaani nayo haisomi kama wewe unavyosoma. Inapima maneno. Mpenzi, siri, kunyata, usiku, blanketi moja: haya yakikaa pamoja uzito wake inaufahamu. Ikaisukuma taazia ya Mundi kwenye rafu ya Mapenzi ya Siri. Ikaichagulia na jalada, mwanamume kifua wazi kwenye theluji, jambo ambalo Mundi asingelifanya hata kwa kulipwa, alikuwa mtu wa fulana mbili. Kisha ikawaonjesha wasomaji wachache wa rafu hiyo. Wakasoma mpaka mwisho, wakabofya moyo. Mashine ikiona watu hawaachi katikati, inawapelekea wengi zaidi, na wale wakimaliza, wengi zaidi tena, kila mmoja kwa lugha yake. Kabla barafu ya gati haijayeyuka, Mundi alikuwa anasomwa Brazili.

"Je, mkewe alijua?" waliuliza chini. "Nimelia kwenye basi." Na zaidi ya yote: "Sehemu ya pili lini?"

Sehemu ya pili! Mtu tumemzika.

Habari zilitufikia kupitia Dóra, anayekata tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Dóra anasoma mapenzi kama wengine wanavyovuta sigara, na mashine, ambayo inajua kila anachovuta, ilimpa Mundi asubuhi pamoja na kahawa. Akaja nayo mpaka kwenye bwawa la maji moto, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Tulikuwamo mimi na Palli, aliyekuwa nahodha, tumezama mpaka shingoni.

"Mmesoma hii?"

"Tuliisoma msibani, we Dóra," nikasema.

"Hamkuisoma. Mliisikiliza keki ziko mdomoni. Hebu sikilizeni sasa. 'Hatua za mtu anayedhani ananyata.' Anayenyata anakwenda wapi?"

"Jikoni kwa Steina," akasema Palli. "Kila mtu anapita ngazi za nyuma. Za mbele zina barafu."

"Na mwezi wa saba, barafu imeshayeyuka?"

Palli akazama mpaka puani, akabaki anatoa mapovu.

Nami niliisikiliza, naapa, maneno yale yale niliyoyalilia, nikasikia kingine kabisa. Hakuna herufi iliyobadilika. Iliyobadilika ni rafu. Ukiambiwa hili ni sanduku la Uhispania, unaanza kuona Uhispania.

Jumatatu Begga, aliyekuwa ameshasikia, hakusimama mahali pake. Alikwenda upande wa pili wa mkanda, katikati ya wanawake wa Kipolandi, akaanza kuwaeleza habari ambazo hawakuelewa hata nusu. Pale alipokuwa akisimama palibaki kisu na aproni. Steina aliangalia kile kisu mara moja, akaendelea na minofu. Kwenye chumba cha kahawa ndiko alikojaribu kusema naye.

"Begga wangu."

"Alhamisi, Steina. Alhamisi mimi niko mazoezi ya kwaya."

"Mh."

"Mh nini? Miaka yote mh! Siri gani hiyo? Sema hapa, wasikie."

Steina alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

"Nitaifuta," akasema mwishowe.

"Ifute! Ukiifuta nitajua ulikuwa na la kuficha. Na usipoifuta, dunia inaniuliza kama nilijua. Chagua, mama, una akili nyingi za kuandika."

Jioni nilikwenda kwa Steina, ngazi za nyuma. Kikaango cha chapati za maji kilikuwa juu ya jiko, kisafi, hakina kazi. Mimi si mtu wa kuzunguka. "Ulikuwa naye?" nikamuuliza.

"Lauga, usiwe mjinga," akasema. Kisha akaelekeza kidevu kwenye kikaango.

Ilikuwa hivyo tu. Mundi alikuwa na kisukari. Begga aliambiwa na daktari, akafagia nyumba nzima, hata sukari ya wageni akaitupa, akampikia samaki wa kuchemsha na viazi kama anavyolisha mgonjwa wa hospitali. Mundi akatii siku sita za juma. Siku ya saba, yaani Alhamisi, Begga akiwa kwaya, alipanda ngazi za nyuma, akakaa, akala chapati za maji zilizoviringishwa na krimu na jamu ndani, akafuta sharubu, akaenda zake. Walikuwa hata hawaongei sana. Steina haongei.

"Basi si useme?" nikamaka. "Chapati! Nenda kesho ukamwambie, mcheke yaishe."

"Amekufa kwa moyo. Daktari alisema sukari na moyo ni ndugu." Alikipangusa kikaango. "Akiniona mwizi wa mume atanichukia. Akilijua hili atahesabu."

"Atahesabu nini?"

"Chapati."

Nikachukua koti langu, nikaenda zangu.

Basi akajaribu njia zake za kimyakimya. Alirudisha andiko kwenye rafu ya Familia na Kumbukumbu kwa mkono wake. Asubuhi lilikuwa limerudi lilikotoka. Akawaandikia wenye jukwaa. Jibu lilikuja papo hapo, kwa hiyo ulijua si la mtu: andiko lako limewekwa mahali ambapo wanaolipenda watalipata, asante kwa kuandika nasi. Kwa hesabu ya mashine ilikuwa haki. Mwandishi mmoja anasema hii ni taazia. Maelfu waliosoma mpaka mwisho wanasema ni mapenzi. Yeye ni nani abishane nao, ameandika tu.

Wazo lilikuwa la Palli, na lilitoka kwenye maji moto kama mawazo yote ya Kaldeyri.

"Glovu moja kati ya minofu ni mnofu," alisema. "Glovu kumi na tano mfululizo, hata mashine itashtuka. Mundi aliandikiwa taazia kumi na sita. Tumeweka moja. Tuweke zote, mashine ione hii ni desturi ya watu, si mambo ya chumbani."

"Na ya Begga?" akauliza Dóra. Maana Begga naye alikuwa amemwandikia mumewe, ndefu, imara, kama Begga mwenyewe.

Palli alikwenda kumwomba ruhusa, kofia mkononi. Begga alisema: "Wekeni. Wajue mke alikuwa nani."

Tukaziweka. Mimi yangu, Palli yake, mchungaji yake, kwaya ya wanaume yao ya pamoja. Tukakaa kungoja mashine ishtuke.

Mashine ilifurahi. Iliona jina moja kwenye maandiko kumi na sita, ikayafunga pamoja kama mfululizo wa hadithi, na wasomaji wa Brazili wakapiga vigelegele kwamba sehemu ya pili imefika hatimaye, na ya tatu, na ya nne. Palli, aliyeandika kwamba yeye na Mundi walilalia kitanda kimoja cha melini miaka mingi, mmoja akiamka mwingine analala, alipewa jalada la mabaharia wawili wameshikana mabega wanatazama jua. Mchungaji alipelekwa Dhambi na Toba. Mimi niliwekwa Visasi, kwa sababu ya blanketi. Mundi, mtu wa fulana mbili, akawa na wapenzi kumi na watano, kwaya nzima ya wanaume ikiwemo.

Kumi na watano nimesema, kwa sababu mmoja mashine ilimtoa. Andiko la Begga lililazwa peke yake kwenye rafu ya Mapishi ya Afya.

Alikuja kwenye mkanda na simu mkononi, glovu moja amevaa, jingine kalibana kwapani. Alisimama mahali pake pa zamani.

"Mapishi," akasema.

"Mh," akasema Steina.

"Miaka thelathini na minane ya ndoa, Steina. Mapishi ya afya! Mwanamke wa Poznan anauliza samaki achemke dakika ngapi. Mwingine kaandika, maskini mume huyu, hakuonja hata asali."

Mmoja wa Wapolandi alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na mimi mjinga," Begga akaendelea, "mashine hii hii niliiamini juu yako. Dada yake ndiye aliyeuza glovu langu Uhispania."

Hapo nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kufikiria nitakavyoisimulia bwawani. Lakini Begga hakuokota kisu. Alimtazama Steina kutoka juu, maana ni mrefu.

"Lakini Alhamisi haikuandikwa na mashine. Uliiandika wewe."

Minofu ilikuwa inapita bila mikono. Steina alivua glovu, akalivua na la pili, kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu.

"Chapati za maji," akasema. "Za krimu na jamu. Kila Alhamisi ukiwa kwaya."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotupa sukari."

Begga alisimama hivyo, na nikaona kweli anahesabu, midomo inacheza kama mtu asaliye. Ilichukua muda. Ni Alhamisi nyingi.

"Afadhali ungelala naye," akasema.

Akageuka, akarudi kwa Wapolandi. Samaki waliangukia sakafuni, msimamizi akapiga kelele, kazi ikaendelea.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Steina. Sikualikwa, nilikwenda tu, sikutaka awe peke yake na kile kikaango. Alikuwa amekiwasha. Mazoea hayo. Alichota unga, akamimina, akageuza, nami nikapanga sahani.

Ngazi za nyuma zikalia. Hatua hazikunyata hata kidogo.

Begga aliingia na jalada la nyimbo za kwaya chini ya kwapa. Aliangalia viti. "Alikuwa anakaa wapi?"

Steina akaonyesha kiti cha dirishani. Begga akakaa hapo, koti halijavuliwa.

"Lete."

Steina akamletea ya kwanza, imeviringishwa, krimu inachungulia pande zote mbili. Begga alikula kama anakagua mnofu, taratibu, anatafuta mwiba. Akamaliza. Akasukuma sahani mbele, na Steina akaweka ya pili.

"Alikuwa anasema nini akila?"

"Hasemi. Anakula."

"Kwangu alikuwa anasema," Begga akasema. "Kila siku. 'Asante kwa chakula, Begga wangu.' Yule mnafiki." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono uliokuwa na jamu, jamu ikabaki shavuni, na hakuna aliyemwambia. "Alikuwa ananenepa. Nilidhani ni maji mwilini. Nilimpunguzia viazi."

Steina alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Begga alimtazama kwa hasira kweli kweli, kisha naye kicheko kikamtoka.

Ya tatu hakuimaliza. "Nyembamba mno," alisema akisimama. "Za marehemu mama yako zilikuwa na mwili. Na hiyo sehemu ya pili wanayodai, waandikie. Andika chapati. Andika na samaki wangu wa kuchemsha, usinifiche."

"Nikiandika watajua yote."

"Si ndiyo maana."

Steina aliandika. Kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Mimi nililia, Palli alitoka nje kutazama hali ya hewa. Steina aliiweka jukwaani siku ya Jumapili. Mashine ikaipima, ikakuta unga, mayai, krimu na samaki, ikaisukuma kwenye sanduku la mapishi pamoja na ya Begga. Imesomwa na sisi hapa kijijini, na yule mzee wa Winnipeg, aliyeandika kwamba krimu lazima ichapwe kwa mkono. Ile ya kwanza bado inazunguka dunia na yule mwanamume wa kifua wazi, na bado wanauliza kama mkewe alijua.

Begga amerudi mahali pake kwenye mkanda. Juzi zamu nzima alikuwa anamweleza Steina kwamba mzee wa Winnipeg hajui lolote kuhusu krimu.

"Mh," akasema Steina.